Škedenj: kijiji kilicholisha jiji la Trieste

Jumamosi

Treni inayotoka Venezia hupita nchi tambarare kwa muda mrefu, mahindi na mizabibu, mizabibu na mahindi. Ukishaivuka Monfalcone, bahari inatokea ghafla upande wa kulia, chini kabisa, na reli inashika ubavu wa mlima hadi Trieste. Abiria wote huhamia madirisha ya kulia. Mimi nilibaki upande wa mlima, maana huko ndiko viliko vijiji: Nabrežina, Križ, Prosek, Kontovel. Ni vijiji vya Waslovenia ndani ya mipaka ya Italia, na vibao vyake vya barabarani vina majina mawili, la Kiitalia na la Kislovenia.

Nimekuja kwa mafunzo katika ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan. Salam alitaka mwanasayansi wa nchi maskini apate mahali pa kufanya utafiti na kukutana na wenzake bila kulazimika kuihama nchi yake moja kwa moja. Wahadhiri wengi wa vyuo vyetu vya Afrika Mashariki wamepita hapa, na ukikaa kantini wakati wa chakula cha mchana haikosi kusikika sauti ya Kiswahili. Kituo kiko Miramare, kando ya bahari, nje kidogo ya jiji.

Saa za masomo ni za masomo. Saa nyingine zote nimezipangia kazi moja, kwenda Škedenj. Waitalia hupaita Servola. Palikuwa kijiji cha Waslovenia juu ya kilima, kusini-mashariki mwa Trieste, chenye kanisa lake, mashamba yake na wanawake wake waliooka mkate wa jiji zima. Leo ni mtaa tu wa jiji. Basi la mjini linafika, na kwenye ramani ya simu huoni mpaka wowote. Nataka kujua ilikuwaje, na nini kimebaki.

Jumapili

Kabla ya kwenda kijijini nimeona niizunguke Trieste yenyewe, kwa sababu aliyemezwa hamjui vizuri asiyemjua aliyemmeza.

Mwaka 1719 Kaisari Karl wa Sita wa Austria aliitangaza Trieste kuwa bandari huru, isiyotoza ushuru. Kabla ya hapo ulikuwa mji mdogo wenye ukuta, wavuvi na mashamba ya chumvi. Baada ya hapo walimiminika Wagiriki, Waserbia, Wayahudi, Waarmenia, Wajerumani na Waitalia wa kila upande. Binti yake, Maria Theresa, alijenga mtaa mpya mahali palipokuwa na mashamba ya chumvi, na mtaa huo hadi leo unaitwa kwa jina lake, Borgo Teresiano. Mwaka 1857 reli kutoka Vienna ikafika. Ilipofika 1910 Trieste ilikuwa na watu zaidi ya 229,000, mji wa nne kwa ukubwa katika himaya ya Austria na Hungaria.

Hesabu hiyo ya 1910 ina kisa chake. Hesabu ya kwanza, iliyofanywa na maofisa wa halmashauri ya jiji, iliwapata Waslovenia 36,000 na ushei. Waslovenia walilalamika, serikali ya Vienna ikaagiza marudio, na mara ya pili wakapatikana zaidi ya 56,000. Watu elfu ishirini walikuwa hapo hapo siku zote, wakikanda unga, wakikamua ng'ombe, wakibeba mizigo gatini. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza sikulala upesi. Anayehesabu ana nguvu kubwa kuliko tunavyodhani.

Uwanja mkuu, Piazza Unità d'Italia, una majumba pande tatu na upande wa nne ni bahari. Jumba moja lilikuwa la kampuni ya meli ya Lloyd ya Austria, iliyoanza mwaka 1836. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Italia ilipoichukua Trieste, kampuni ikaitwa Lloyd Triestino. Meli zake mbili za mwaka 1952, Africa na Europa, zilitoka hapa kwenda pwani yetu, zikatia nanga Mombasa na Dar es Salaam na kuendelea hadi Afrika Kusini. Nilisimama mbele ya jumba lile nikawafikiria makuli wa pande zote mbili za safari hiyo, wa kwetu na wa hapa.

Kahawa nayo ni uzi mwingine. Magunia kutoka Uganda, Kenya na Tanzania hushushwa katika bandari hii. Ukitaka kunywa kama wenyeji, agiza capo in b, kahawa yenye povu la maziwa kidogo ndani ya bilauri ndogo ya kioo. Nilikunywa yangu nimesimama kaunta, kama wao.

Jioni nilipita mtaa wa Filzi, penye jengo la Narodni dom. Lilichorwa na msanifu Max Fabiani na kujengwa kati ya 1901 na 1904. Ndani yake Waslovenia wa Trieste walikuwa na ukumbi wa michezo ya kuigiza, benki, hoteli na mkahawa. Tarehe 13 Julai 1920 kundi la Wafashisti lililichoma moto. Miaka 100 baadaye, tarehe ile ile, marais wa Italia na Slovenia walikutana Trieste, na hati ya kulirudisha jengo kwa Waslovenia ikatiwa saini. Kwa muda mrefu limekuwa likitumiwa na chuo kikuu kufundishia wakalimani. Kwa nje ni jengo la kawaida, la kijivu, zito. Kulitazama inabidi uvuke barabara, usimame upande wa pili.

Jumatatu

Mihadhara kutwa. Upepo wa bora umeanza kuvuma kutoka bara. Ni upepo mkavu na wa baridi, unaoporomoka kutoka uwanda wa Kras kuelekea baharini. Zamani katika baadhi ya mitaa walifunga kamba na minyororo ili wapita njia wapate pa kushika. Usiku dirisha la chumba changu lilitikisika mpaka nikalizibia gazeti.

Jumanne

Leo nimefika Škedenj.

Basi linatoka katikati ya jiji, linapita majengo marefu ya kawaida, maduka ya vipuri, kituo cha mafuta. Hakuna mahali utakapoambiwa kwamba jiji limekwisha na kijiji kimeanza. Lakini ukiteremka karibu na kanisa la Mtakatifu Lorenzo, njia zinabana. Kuta za mawe zinakuwa juu ya kichwa cha mtu, na katika kuta hizo kuna malango ya mawe yenye matao, na nyuma ya kila lango kuna ua. Ndivyo nyumba za wakulima wa huku zilivyojengwa, zimeupa upepo mgongo na zimeuelekezea ua uso. Ukichungulia unaona mzabibu uliotambazwa juu ya ua, banda la kuni, ngazi ya mawe inayopanda ghorofani.

Kutoka ukingoni mwa kilima unaiona ghuba ya Muggia yote. Kuna matangi ya mafuta ghafi yanayoshushwa na meli na kusukumwa kwa bomba kuvuka milima ya Alpi hadi Austria na Ujerumani. Kuna magati, makontena, na chini kabisa ya kilima, kwenye ufuko, eneo kubwa la kiwanda cha chuma. Hilo nitalirudia.

Sasa mkate. Katika lugha ya hapa wanawake hao waliitwa krušarice, na watu wa mjini kwa lahaja yao ya Trieste waliwaita pancogole. Kazi yao ilianza wakati wengine wanafunga milango. Jioni walikoroga chachu na unga, wakakanda kwenye mabeseni ya mbao, wakafunika kwa vitambaa na kuacha unga uumuke. Usiku waliwasha kuni ndani ya tanuri, wakangoja mawe yashike moto, wakakomba majivu, wakaingiza mikate kwa pao refu la mbao. Kabla hakujapambazuka mikate ilikuwa imepangwa ndani ya vikapu vipana. Vikapu vikaenda mjini juu ya punda, au juu ya kichwa cha mwanamke mwenye kata. Mtu wa Trieste alipoamka, mkate wa Škedenj ulikuwa mlangoni kwake.

Nimesimama muda mrefu kwenye barabara yenye jina la Via del Pane Bianco, barabara ya mkate mweupe. Inateremka kuelekea mjini. Jaribu kuiona saa kumi alfajiri, majira ya baridi, bora ikivuma, mawe yameganda, na wanawake wanashuka foleni na mizigo yao. Halafu, wakishauza, wanapanda kilima hicho hicho na vikapu vitupu, wanafika nyumbani, na kuna watoto, kuna bustani, kuna unga wa jioni wa kuandaa.

Jambo linalonigusa zaidi ni fedha. Mkulima wa zabibu hupata fedha mara moja kwa mwaka. Mwokaji alipata fedha kila siku, na fedha hiyo ilipitia mkononi mwa mwanamke. Watu wa mjini walipoandika kuhusu vijiji hivi waliwasifu krušarice kwa mavazi yao, sketi zenye mikunjo mingi na vitambaa vyeupe vya kichwa vilivyotariziwa. Sifa za mavazi hazina ubaya, lakini mimi naona zimewaficha. Hawa walikuwa wafanyabiashara. Walijua bei ya unga, walijua nani analipa na nani anakopa, walikuwa na wateja wao wa kudumu, na binti alirithi kwa mama yake tanuri pamoja na milango ya kuuzia.

Na si wao peke yao. Vijiji vyote vilivyoizunguka Trieste vilikuwa na kazi yake kwa jiji. Kutoka Kras yalishuka maziwa. Vijiji vyenye vijito vilifua nguo za matajiri. Barkovlje na Kontovel, Križ na Nabrežina, walitoa samaki. Walinzi walikaa juu ya mwamba wakingojea kundi la jodari, wakiliona wanapiga kelele kuwaongoza wavuvi walio chini na nyavu. Kundi kubwa la mwisho lilivuliwa Križ mwaka 1954. Kwa hiyo jiji hili, lenye kumbi za opera, benki na kampuni za bima, liliamka kila siku kwa kazi ya watu waliozungumza Kislovenia. Mwanzo jiji lilikuwa mteja, na mteja anahitaji muuzaji aendelee kuwapo.

Jumatano

Jumba la makumbusho la Škedenj liko Via del Pane Bianco, ndani ya nyumba ya zamani. Halifunguliwi kutwa, inabidi upige simu. Lilianzishwa mwaka 1975, na aliyelisukuma zaidi ni padri Dušan Jakomin, Mslovenia aliyehudumu hapa miaka mingi na kukusanya vitu vya kijiji kabla havijatupwa. Mwaka 1975 ndio Italia na Yugoslavia zilitia saini mkataba wa Osimo uliomaliza ugomvi wa mpaka. Wakubwa walikuwa wakigawana ardhi, yeye alikuwa akiomba kwa majirani mabeseni ya kukandia unga.

Aliyenifungulia mlango alikuwa kijana, na pamoja naye nyanya yake, mwanamke wa miaka themanini na kitu. Mimi nilimwita bibi, kijana akamfafanulia maana yake, akafurahi, na tangu hapo hakutaka niseme lolote lingine. Yeye aliniita gospa, neno la Kislovenia la kumwita mwanamke mtu mzima kwa heshima, japo ningeweza kuwa mjukuu wake. Alinipitisha kwenye nguo, kwenye vikapu, kwenye vyombo vya jikoni. Mama wa mama yake alikuwa krušarica. Akashika pao la tanuri kama mtu anayelifahamu, akaligeuza mara mbili hewani kunionyesha jinsi mkate unavyoachiliwa: unasukuma, halafu unavuta haraka, na mkate unabaki juu ya mawe. Alisema mkono ukisita, mkate unajikunja. Nikajaribu. Akanisahihisha kiwiko.

Mkate wao maarufu ni biga, wa vipande viwili vilivyoshikana. Niliuliza kwa nini viwili. Bibi akasema hivyo ndivyo ulivyo. Nikaacha.

Alhamisi

Nimeshuka kilima kwa miguu hadi kwenye kiwanda.

Mwaka 1896 kampuni ya viwanda kutoka jimbo la Kranjska ilianza kujenga hapa, na mwaka uliofuata tanuri la kuyeyusha chuma likawashwa. Kampuni ilikuwa na viwanda vyake huko bara, milimani, ila mawe ya chuma na makaa yalizidi kuja kwa meli kutoka mbali, kwa hiyo ilikuwa nafuu kuyeyusha pale pale yanaposhushwa. Ufuko wa Škedenj ulikuwa na kina, na reli ilikuwa karibu. Hesabu zao zilikuwa sahihi. Mashamba ya kijiji yaliyoelekea baharini yakawa uwanja wa kiwanda.

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Jiji, lililokuwa mteja, likawa mwajiri. Mwanamume aliyepata ujira wa kila wiki kiwandani hakuhitaji tena kumtegemea mkewe na tanuri lake. Wafanyakazi wageni walifika, wakahitaji vyumba, nyua zikagawanywa, majengo ya kupanga yakaota kati ya kijiji na mji. Mjini nako viwanda vya mikate vyenye mashine vilikuwa vimefunguliwa. Kisha vita vya 1914. Unga ukawa wa mgawo, na kuanzia 1915 mstari wa mapigano kati ya Italia na Austria ulipita mwendo mfupi tu kutoka hapa, kwenye mto Soča. Krušarice wengine waliendelea baada ya vita, lakini wachache, kisha wachache zaidi.

Sitaki kukisema vibaya kiwanda kama mtu asiyejua njaa. Kiliwalipa watu kwa zaidi ya miaka 120. Wapo wazee wa hapa wanaokizungumzia kwa fahari, na haki yao. Lakini kijiji kilikuwa juu yake, kwenye njia ya moshi. Kwa miaka mingi wakazi wa Servola waliandamana na kwenda mahakamani kwa sababu ya vumbi lililotua madirishani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mapafu ya watoto. Tanuri lilizimwa mwaka 2020. Mama mmoja niliyemkuta akifagia mbele ya lango lake aliniambia kwa Kiitalia cha polepole, ili nielewe, kwamba kwa miaka mingi hakuanika shuka nyeupe nje, na sasa anaanika. Akaninyooshea kidole. Kweli, zilikuwepo, zinapepea.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache hadi Risiera di San Sabba. Sikutaka kwenda, na nilijua lazima niende. Kilikuwa kiwanda cha kukoboa mpunga, kilichojengwa mwaka 1898. Baada ya Septemba 1943, Wajerumani walipoishika Trieste, wakakigeuza kambi. Wayahudi walipitishwa hapa kupelekwa Auschwitz. Wapiganaji wa msituni, Waslovenia, Wakroatia, Waitalia waliopinga, waliuawa hapa hapa, na kuanzia 1944 miili ilichomwa katika tanuri lililokuwa la kukaushia mpunga. Makadirio ni watu kati ya 3,000 na 5,000. Usiku wa tarehe 29 Aprili 1945 Wanazi walilipua tanuri hilo ili kuficha ushahidi. Alama ya jengo lake bado iko ukutani, na mahali palipokuwa na msingi pamewekwa bamba la chuma.

Kuingia unapita kati ya kuta mbili za zege zilizo ndefu sana na karibu sana, kazi ya msanifu Romano Boico. Nje, majengo ya kupanga yako karibu, na uwanja wa mpira uko jirani. Niliketi kwenye benchi la kituo cha basi, nikaacha mabasi mawili yakapita.

Ijumaa

Mchana sikuwa na kipindi, nikaenda makaburi ya Sant'Anna, yaliyo njiani kuelekea Škedenj.

Nilikuwa natafuta majina. Mwaka 1923 serikali ya Mussolini ilianza kuziondoa shule za Kislovenia darasa baada ya darasa, na katika miaka michache hazikubaki. Mwaka 1927 ikaja amri ya majina ya ukoo. Ukoo wa Vodopivec uligeuzwa Bevilacqua. Mingine ilikatwa mkia, mingine ikaandikwa kwa tahajia ya Kiitalia hadi haitambuliki. Magazeti ya Kislovenia yalifungwa, vyama vilivunjwa, na kanisani, ambako watu walikuwa bado wanaimba kwa lugha yao, mapadri walisumbuliwa.

Na makaburini unaona. Katika jiwe moja babu ana jina moja na mwanawe ana jingine, ingawa ni ukoo mmoja. Jiwe jingine jina la zamani limerudi kwa mjukuu. Wapo ambao hawakurudi tena, na siwalaumu. Mtu akishaishi na jina miaka hamsini, akaoa nalo, akazikia wazazi wake nalo, huwezi kumfuata makaburini na kumwambia si lake.

Hivyo jiji, baada ya kuwa mteja na kisha mwajiri, sasa lilikuwa sheria. Nimesoma maelezo mengi yanayosema Škedenj "imekua pamoja na" Trieste, kana kwamba ni miti miwili. Miti haifungiani shule.

Lakini mwaka 1945 shule za Kislovenia zilifunguliwa tena, chini ya utawala wa kijeshi wa Uingereza na Marekani ulioshika Trieste hadi 1954. Gazeti la kila siku la Kislovenia, Primorski dnevnik, lilitoa toleo lake la kwanza mwezi Mei 1945 na bado linatoka. Škedenj ina shule yake ya msingi ya Kislovenia, yenye jina la Ivan Grbec, mtunzi wa muziki na mwalimu aliyekuwa mwana wa kijiji hiki. Chama cha utamaduni cha Škedenj nacho kina jina lake. Leo madarasa ya shule za Kislovenia huku yana watoto wengi ambao nyumbani huzungumza Kiitalia. Wazazi wamewapeleka kwa hiari yao. Hilo, kwa mtu aliyetoka kusoma yale mawe, ni habari kubwa.

Jumamosi

Bora imetulia. Yule kijana wa makumbusho na marafiki zake walinichukua kwa gari hadi Bazovica, juu kwenye Kras. Kwanza tulisimama penye mnara wa vijana wanne, Ferdo Bidovec, Fran Marušič, Zvonimir Miloš na Alojz Valenčič, waliopigwa risasi hapo tarehe 6 Septemba 1930 kwa kuupinga utawala wa Kifashisti. Ni uwanda mtupu wa nyasi na mawe. Tulikaa kimya, hakuna aliyepiga picha.

Kisha tukafuata tawi la majani lililotundikwa njia panda, kila kona tawi jingine, mpaka kwenye ua wa mkulima. Hii ndiyo osmica. Mwaka 1784 Kaisari Josef wa Pili aliwaruhusu wakulima kuuza mvinyo na mazao yao nyumbani, na desturi haijakatika. Mimi situmii mvinyo wala nyama ya nguruwe, kwa hiyo nikaletewa jibini, mayai ya kuchemsha, mizeituni na mkate, na mama mwenye nyumba akawa anarudi kila mara kuhakikisha nimeshiba. Meza ya pili ilikuwa ya wanakwaya. Hawakuambiwa na mtu waimbe. Mmoja alianza kwa sauti ya chini, wa pili akaingia juu yake, na kabla sijajua, ua mzima ulikuwa na sauti nne. Meza ya tatu walikuwa Waitalia wa mjini, na baadhi yao walijua beti.

Niliwauliza vijana kama wanajiona wa Trieste au wa Škedenj. Wawili wakajibu pamoja, kila mmoja jibu lake, wakaanza kubishana. Ubishi wenyewe ukawa mkali, wakahamia Kislovenia, wakanisahau. Nilichoambulia ni kwamba mmoja anataka ardhi ya kiwanda itumiwe na bandari ili kazi zibaki, na mwingine anataka sehemu yake irudishwe kwa wakazi, wafike tena baharini kwa miguu kama walivyofika babu zao. Niko upande wa huyu wa pili. Kijiji kilichotoa ufuko wake kwa zaidi ya karne moja kimeshalipa.

Jumapili

Nilikwenda Škedenj mara ya mwisho kwa safari hii, kanisani, kwa ibada ya Kislovenia. Mimi ni Mwislamu, nikakaa nje upenuni, mlango ukiwa wazi. Walioingia hawakuwa wengi, na wengi wao walikuwa wazee, lakini uimbaji wao ulikuwa wa watu waliozoea kuimba pamoja tangu utoto.

Bibi alitoka akanishika mkono, akanipeleka hadi kwake. Juu ya meza kulikuwa na unga, kilo moja hivi, chumvi, hamira na maji ya vuguvugu. Tulikanda wote wawili. Tanuri lake ni la umeme, lile la mawe lilivunjwa baba yake alipopanua jiko. Alinitajia vipimo, kijana akavitafsiri, nikaviandika. Halafu akanisimulia wateja wa bibi yake: daktari wa karibu na mfereji, familia ya Kiyahudi iliyolipa kila Ijumaa bila kukosa, mwalimu wa muziki aliyelipa alipokumbuka. Anayakumbuka majina yote, ingawa watu hao hakuwahi kuwaona. Nilimwomba kijana amrekodi, akaahidi kuanza wiki hii.

Kwa atakayefika Trieste, hasa nyinyi mnaokuja ICTP na kumaliza mwezi mzima bila kuvuka uwanja mkuu: basi la Servola mtalipata mjini, na safari haizidi nusu saa. Pigeni simu makumbusho kabla. Risiera haina kiingilio. Na kwenye duka la mkate ulizeni biga kwa sauti, kwa sababu wakati mwingine ziko nyuma ya kaunta na hawaziweki mbele.